Nimehukumiwa nikiwa sipo kwa deni la mashine ya boti la mwaka 2013. Nianzie wapi?

mama_wa_kibirizi

Habari zenu wadau. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Shule sikufika mbali, nikikosea majina ya kimahakama mnivumilie.

Leo Alhamisi, tarehe 3 Oktoba, nilikuwa nageuza dagaa kichanjani akaja kijana na bahasha ya kaki. Akaniuliza majina yangu yote matatu. Nikamtajia. Akasema yeye ni dalali wa mahakama na mimi nina siku 14. Nikamuuliza za nini? Akabaki ananitazama kama mimi ndiye namtania. Nilipoifungua ile karatasi mikono ilikuwa imejaa magamba, ikaninata vidoleni, nikawa naisoma huku naibandua.

Imeandikwa kwamba Mahakama ya Wilaya ilitoa hukumu ya upande mmoja tarehe 19 Agosti 2024, na natakiwa kulipa 21,500,000. Deni 2,500,000, riba 14,000,000, fidia 5,000,000. Gharama za kesi mbali.

Sasa niwaeleze deni lenyewe. Machi 2013 mimi na marehemu mume wangu tulichukua kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Mwanga, hapa hapa mjini kwetu, mashine ya boti ya nguvu 40 pamoja na nyavu, jumla 11,000,000. Jina lililoandikwa ni langu kwa sababu chombo ni changu. Mkataba wa wakili hapakuwa. Yeye ana kaunta buku lake na mimi nina langu, kila nikimpelekea gunia la dagaa au pesa anaandika kwenye vitabu vyote viwili na kuweka sahihi. Riba haikutajwa hata kwa mdomo. Ukurasa wa mwisho kwenye buku langu ni Novemba 2014, tumelipa 8,300,000, imebaki 2,700,000. Umeingia mawese pembeni lakini sahihi yake inasomeka vizuri.

Hapo ndipo tulipokwama. Mashine tuliuziwa kama mpya. Ilipozima katikati ya ziwa na vijana wangu sita ndani, fundi akaifungua, akatukuta hatujui kitu: ilishafunguliwa zamani, boliti mbili si zake. Mume wangu akamwambia yule mzee, hiyo 2,700,000 iliyobaki ndiyo matengenezo. Mzee akakataa. Maneno yakaishia hapo hapo dukani. Mume wangu akafariki 2017. Miaka yote hiyo hakuna aliyenipeleka popote, tunapishana sokoni, tunasalimiana.

Na hata hesabu yake imekosewa, ananidai milioni mbili na nusu wakati buku linasema mbili na laki saba. Mtu asiyejua hata anachodai anapewaje milioni 21?

Samansi sikuiona kabisa. Wallahi. Naomba msaada wa mawazo, nikate rufaa au nifanyeje?

Toto la Ujiji

Dawa ya deni kulipa mama. Umekiri mwenyewe ilibaki 2.7.

mama_wa_kibirizi

Mwanangu, angekuja na buku lake tukakaa, hiyo tungeizungumza. Milioni 21 ni mashine tatu.

Fundi Sanifu

Usihangaike dada. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 90, una muda mpaka Novemba. Tena deni lisilo na maandishi ya kisheria halina nguvu. Ila kumbuka ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ni miaka 12, kwa hiyo kwenye muda hapo amekuwahi.

Karani Mstaafu

Mama, kabla hujafuata ya Fundi Sanifu nisikilize mimi kidogo. Nimekaa masijala ya mahakama Tabora miaka mingi, enzi ambazo watu wa Kigoma wenye shauri la Mahakama Kuu walikuwa wanalala kwenye treni kuja kwetu. Mabegi yenye harufu ya migebuka tuliyazoea. Siku hizi mna Mahakama Kuu yenu hapo hapo, shukuruni.

Miaka 12 ni ya kudai ardhi, na pia ya kukazia, yaani kutekeleza, hukumu ambayo tayari ipo. Madai yatokanayo na mkataba ni miaka 6, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Tena mkataba si lazima uwe na mhuri wa wakili, kaunta buku lenye sahihi ni ushahidi mzuri tu, kwako na kwake.

Siku 90 za rufaa ni kweli zipo kwa shauri lililoanzia Wilaya. Lakini wewe hukusikilizwa. Rufaa utabishania ushahidi gani wakati wako haumo kwenye jalada? Njia yako ni kurudi mahakama ile ile iliyotoa hukumu, uombe itenguliwe ili shauri lisikilizwe upya pande zote mbili. Muda wa maombi hayo ni siku 30 tangu hukumu. Zako zimekwisha Septemba. Kwa hiyo kuna mlango mwingine kabla ya huo: maombi ya kuongezewa muda.

Kesho asubuhi nenda masijala, andika barua ya kuomba kukagua jalada na kupewa nakala ya hukumu na tuzo, ile karatasi ya amri inayotaja unachotakiwa kulipa. Barua igongwe mhuri wa kupokelewa na nakala ubaki nayo. Kwenye jalada tafuta vitu viwili. Cha kwanza, kiapo cha mtu aliyepeleka wito: anasema alikupelekea lini, wapi, alimkabidhi nani. Cha pili, hati ya madai, neno kwa neno.

Na hapa nina swali ambalo silipendi. Laki mbili imetoka wapi? Nimeona wadai wa kila aina, sijawahi kuona mdai anayejipunguzia deni kwa bahati mbaya. Buku linasema 2,700,000, yeye anadai 2,500,000. Kuna siku ulimpa laki mbili. Ilikuwa lini?

BwanaMgebuka

Mimi nivue samaki wangu tu lakini hili lilinikuta 2020, nami niseme. Dalali akija tena usimtukane wala usimfiche kitu, katumwa tu. Nyumba unayolala wewe na familia yako haikamatwi kwa deni la kawaida, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakataza, labda kama uliiweka rehani. Kitanda, nguo, vyombo vya kupikia navyo haviguswi. Lakini chombo chako majini kinaweza kukamatwa, na hapo ndipo watakapoanzia, kwa sababu kinaonekana. Mimi walichukua mtumbwi na mashine, nikabaki nakodi.

Nilichojifunza: kupeleka maombi mahakamani peke yake hakusimamishi dalali. Uombe kabisa amri ya kusimamisha utekelezaji.

mama_wa_kibirizi

Nimerudi. Nina mengi.

Ijumaa nilipeleka barua, Jumatatu tarehe 7 nikaruhusiwa kukagua jalada. Karani dada mmoja mpole alinipa kiti.

Kiapo cha mpeleka wito kinasema alikwenda nyumbani kwa mdaiwa Kibirizi mara mbili mwezi Mei, hakumkuta, akapata kibali cha mahakama, na tarehe 3 Juni 2024 akabandika wito "kwenye mlango wa mbele wa nyumba ya mdaiwa." Nilisoma pale nikacheka mpaka yule dada akaniambia mama, hapa ni mahakamani.

Ile nyumba haina mlango. Maji ya ziwa yalipopanda yaliingia mpaka chumbani, 2021 nikahamia Gungu. Milango yote miwili na fremu zake nilichomoa mwenyewe na fundi, ndiyo iliyoko kwenye nyumba ninayolala sasa. Pale Kibirizi umebaki ukuta wenye mstari wa tope kiunoni na tundu mbili ambazo mbuzi wanapitia. Amebandika kwenye nini? Na mwezi huo wa sita mimi sikuwa hata mjini, kila mtu anajua ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikuwa kwa dada yangu Kasulu nanunua maharage.

Haya. Sasa la laki mbili. Karani Mstaafu, umenikosesha usingizi.

Hati ya madai, aya ya 6, inasema: "Kwamba mnamo Aprili 2019 mdaiwa alilipa shilingi 200,000 kwa njia ya simu kupunguza deni, na kuahidi kumalizia." Nimekaa nayo hiyo aya. Aprili 2019 yule mzee alifiwa na mama yake mzazi. Bibi huyo nilimjua, alikuwa ananunua dagaa kwangu na kila siku anaomba nyongeza. Mimi nilikuwa naumwa, sikwenda kuzika, nikatuma laki mbili ya rambirambi. Rambirambi jamani! Mtu anaipeleka mahakamani?

Simu ya zamani ninayo, imepasuka kioo lakini inawaka. Nimeifungua. Niliandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Pole sana mzee wangu kwa msiba wa mama pokea hiyo kidogo mengine tutaongea Mungu akiamka na wewe."

Binti yangu anasema niifute hiyo meseji kwa sababu ya hilo neno "mengine". Mimi nilimaanisha mengine ya msiba, kwamba nikipona nitakuja kuhani tuongee. Lakini nikiisoma kwa jicho la mtu mwingine, naona wanavyoweza kuisoma.

Toto la Ujiji

Mama nimekukosea. Sikujua kama ni mpaka rambirambi.

Kiapo na Mhuri

Shikamoo mama. Mimi ni wakili, niko Tabora, shauri lako sijalibeba kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo, kisha tafuta wakili hapo Kigoma akae na karatasi zako.

Kwanza, usifute chochote. Usiigeuze, usiipeleke kwa fundi wa simu "kuisafisha". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji ni ushahidi kama karatasi, na yeye anayo nakala upande wake. Ukifuta wewe akaitoa yeye, hakimu hataangalia tena neno "mengine," ataangalia kwa nini ulifuta.

Pili, uelewe kwa nini hiyo aya ya 6 imewekwa. Wakili wake si mjinga. Malipo ya mwisho yanayojulikana ni Novemba 2014. Hesabu miaka 6, unafika Novemba 2020. Kesi wamefungua 2024. Bila laki mbili, madai yamekufa muda, na mahakama inatakiwa kuyatupa hata kama mdaiwa hakulalamika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi aliyosaini, miaka 6 inaanza kuhesabiwa upya. Laki mbili ya Aprili 2019 ikiitwa malipo ya deni, ana mpaka Aprili 2025, na amewahi. Ikiitwa rambirambi, amechelewa zaidi ya miaka mitatu. Kesi yako yote imelala juu ya laki mbili.

Ndiyo maana sitakushauri ukimbilie Mahakama Kuu kupiga kelele kwamba deni limepitwa na wakati. Ukomo ungekuwa unaonekana wazi kwenye hati ya madai, ningesema jaribu. Kwa jinsi ilivyoandikwa hauonekani, unahitaji ushahidi: tarehe ya msiba, tarehe ya muamala, nani mwingine alituma rambirambi siku hiyo. Ushahidi huo utautoa tu hukumu ikishatenguliwa. Yaani kwanza ufunguliwe uingie, ndipo ubishane.

Kwenye kuongezewa muda, mahakama zinafuata yale ya Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Lyamuya Construction la 2010: ueleze kipindi chote ulichochelewa, uchelewaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe bidii. Rufani wamewahi kusema pia kwamba hata siku moja lazima ihesabiwe. Kwa hiyo kaa chini uandike: tarehe 3 nimepata taarifa, tarehe 4 nimepeleka barua, tarehe 5 na 6 mwisho wa wiki, tarehe 7 nimekagua. Usiache shimo. Usiseme "nilikuwa nahangaika". Kisha mlango usiokuwepo: picha, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hukai pale tangu 2021. Mwenyekiti akubali kuapa, barua tupu haina uzito sana. Kama utayapeleka maombi ya muda na ya kutengua pamoja au moja baada ya jingine, hilo mwachie wakili wako, kuna waliotupiwa nje kwa kuyachanganya vibaya.

Na riba. 14,000,000 juu ya 2,500,000, bila makubaliano? Baada ya hukumu riba ya kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka, wakikubaliana wenyewe isizidi 12. Ya kabla ya hukumu lazima aonyeshe imetoka wapi. Hata kama ukishindwa kwenye laki mbili, hapo hutoki na milioni 21.

Fundi Sanifu

Nakubali, nilikurupuka na 12. Ila kwa nini asiende tu kwa wasaidizi wa kisheria, si bure?

Karani Mstaafu

Ni bure na wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, aende wamsaidie kuandika na kupanga karatasi. Lakini msaidizi wa kisheria hasimami mbele ya hakimu kwa niaba yake. Kwa milioni 21 na chombo, auze magunia mawili aweke wakili.

Mama, na hiyo laki mbili: uliza nani alikuwa anaandika daftari la rambirambi pale msibani. Kila msiba una daftari.

mama_wa_kibirizi

Mrejesho, wadau. Mnisamehe kimya.

Niliweka wakili, kaniomba laki tano ya kuanzia, nimeuza magunia kama alivyosema Karani. Maombi yaliingia kwenye mfumo wa mahakama Ijumaa tarehe 11 Oktoba. Mwenyekiti wa mtaa aliapa bila kusumbua, tena akaongezea kwamba yule mpeleka wito hakuwahi kufika ofisini kwake kuuliza nilikohamia, wakati ofisi iko hatua chache tu. Picha za ukuta alipiga binti yangu, na kwenye moja kuna mbuzi kasimama pale pale palipotakiwa kuwa na mlango. Wakili alitaka tuitoe, nikakataa, ikaingia.

Amri ya kusimamisha utekelezaji tuliipata kwa muda wiki iliyofuata. BwanaMgebuka, Mungu akuzidishie, maana dalali alikuwa ameshafika mwaloni kuuliza chombo cha fulani ni kipi, na vijana wakamwonyesha cha mtu mwingine. Sikuwatuma.

Tarehe 21 Novemba hakimu katupa muda. Alisema wito haukuonyeshwa kumfikia mdaiwa, na siku zangu zimehesabika. Sasa tumepeleka ya kutengua hukumu.

Daftari la rambirambi lipo. Alikuwa anaandika shemeji yake yule mzee, mtu wa Katonga, tunasali msikiti mmoja. Nilimfuata nyumbani. Hakunipa daftari, na simlaumu, ni ndugu yake. Lakini alilifungua mbele yangu na ya mwanangu, akapitisha kidole mpaka chini, akasimamisha: jina langu, 200,000, na pembeni kaandika "simu". Juu yangu kuna mama mmoja wa mgebuka, elfu kumi. Chini yangu kuna mtu katoa kilo tano za mchele. Akalifunga, akasema akiitwa na mahakama atakuja nalo, asipoitwa haji. Wakili anasema ataitwa kwa wito.

Siku ile ya tarehe 21 mzee mwenyewe alikuwepo. Benchi la nje lilikuwa limejaa, nafasi ilikuwa moja, pembeni yake. Nikakaa. Amezeeka, mkono unatetemeka. Tukakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza gunia la dagaa sasa hivi linakwenda bei gani. Nikamwambia. Akasema limepanda. Nikasema ndiyo, tangu ziwa lifunguliwe. Ndipo tukaitwa.

Kiapo na Mhuri

Vizuri sana mama. Mwambie wakili wako aombe wito wa shahidi pamoja na daftari lenyewe, sio shahidi peke yake. Akija mikono mitupu atakumbuka ya kwao.

mama_wa_kibirizi

Nimemwambia. Kaandika.